Kina mama wa minofu pale Kirumba: nyota nne, ya tano nimebaki nayo mfukoni

Abiria wangu wamenichosha na swali moja, "kaka, sangara wa ukweli anapatikana wapi hapa Mwanza bila kwenda kukalia viti vya hoteli", sasa leo naandika mara moja yaishe, ukiniuliza tena ndani ya bajaji nakutumia hii usome mwenyewe, mi macho yako kwenye mashimo.

Kibanda hakina bango. Unatoka mjini kama unaenda Kirumba, unafika ule upande wa kushukia Mwaloni, lile soko la samaki na dagaa, unafuata harufu ya dagaa mpaka ikianza kuchanganyika na harufu ya kitu kinakaangwa na tangawizi, hapo umefika. Banda la bati, rangi ya bluu iliyofubaa, mabenchi matano (moja lina mguu mfupi limewekewa jiwe, usikae wewe mwenye shati jeupe), na pale mlangoni kuna ndoo ya bomba ya kunawia mikono. Ile ndoo iliwekwa enzi za korona, kila mtu mjini alikuwa nayo, watu wakishaacha kuogopa wakazigeuza za kubebea maji au kuoshea vyombo, wao hawajaitoa. Sabuni ipo kila siku. Mi nawapa alama kwa hilo tu kabla hata sijala.

Wako wanne, wote wanawake, na wote walikuwa vibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa hapa, jina naacha. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa pale, upande wa kupakia maboksi, kabla sijashika usukani wa bajaji. Kwa hiyo nisije nikaonekana nimetoka huko nje kuja kusifia, hawa tumekula nao uji wa saa nne kwenye vikombe vya plastiki, tumeganda wote na ile barafu.

Sasa chakula.

Agiza minofu ya kukaanga na ugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi. Kama una bahati umkute yule mkubwa wao, tunamwita Mayo, ndo anakata, simama pembeni uangalie. Anamlaza samaki, kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinageuka, kinateleza kwenye uti mpaka mkiani, upande mmoja umetoka. Anageuza, wa pili. Halafu anashika kile kincha cha mkia kwa kucha, kisu kinalala flati kabisa, anavuta ngozi na wala sio nyama, na ngozi inatoka nzima kama unavua soksi. Kisha anapitisha kidole cha kati katikati ya mnofu kutafuta ule mstari wa vimiba, anakata mara mbili pembeni yake kama herufi V, mstari unatoka, unatupwa kwenye sufuria ya supu. Hazifiki hata dakika mbili. Kiwandani walikuwa wanahesabiwa, ukichelewa unaitwa pembeni, ukiacha nyama kwenye uti unaitwa pembeni. Ule mkono ulifundishwa kwa ajili ya mtu wa Hispania na Italia na Uholanzi asije akakwamwa na mwiba, leo unakuhudumia wewe na mchanga wako wa miguuni.

Mnofu unalala kwenye limao na tangawizi ya kusaga na chumvi kama robo saa, unapakwa unga wa ngano kidogo sana, unaingia kwenye mafuta yaliyochemka kweli kweli. Nje unasikia krach, ndani mweupe unaachana vipande vipande wenyewe. Kachumbari yao ina pilipili mbuzi, omba pembeni kama we ni mgeni. Mchicha wa kawaida tu, hauna jipya. Maharage sijui kwanini wanapika, hakuna mtu anaenda pale kula maharage.

Supu ya mapanki nayo ipo, na mchuzi wa kichwa, hiyo nitairudia mwishoni.

Swali ambalo watu wengi hawajiulizi ni kwamba hawa kina mama walipataje kukaanga minofu mizuri namna hii hapa hapa pembeni ya ziwa, maana mtu wa Mwanza wa umri wangu amekua akijua sangara mkubwa hana uwezo naye. Toka ile miaka ya tisini viwanda vilivyoshamiri, mnofu unaenda uwanja wa ndege, bondo, lile puto la hewa la tumboni mwa samaki, linaenda China, sisi tunabaki na panki, yaani kichwa na uti na vinyama vilivyokwama. Bondo moja kubwa bei yake inamshinda samaki mwenyewe, na mtu aliyelitoa tumboni mwa samaki jioni anarudi nyumbani na panki kwenye mfuko. Tulizoea. Hata hatukuwa tunalalamika, ndo ilivyokuwa.

Halafu ikaja 2020. Machi Italia wakafungiwa ndani, Hispania wakafuata, migahawa ikafungwa, na minofu ya ubaridi inasafiri kwa ndege na nyingi inabebwa tumboni mwa ndege za abiria, sasa abiria hakuna ndege hakuna. Huku kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, shule zikafungwa, Aprili ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa mpaka Mei 18. Sisi hatukufungiwa ndani, tulikuwa tunapiga nyungu na kugombania limao na tangawizi sokoni, lakini kiwandani wiki ya kwanza wakasema zamu moja, wiki ya pili wakasema tutawapigia simu. Simu yenyewe mpaka leo naisubiri.

Na samaki ziwani hajui kama kuna korona. Anavuliwa kama kawaida, anafika mwaloni, mnunuzi hayupo. Bei ilidondoka mpaka wavuvi wengine wakawa wanaona heri mafuta ya injini yabaki kwenye dumu. Ndo hapo Mayo na wenzake watatu wakakaa chini wakaangaliana wakasema jamani, samaki tuliyekuwa tunamkata kwa ajili ya Wazungu leo anauzwa bei ya dagaa na visu tunavyo. Wakaanza na jiko moja la mkaa na karai, bila banda, juani. Sahani buku mbili na jero, yaani elfu mbili mia tano. Wateja wa kwanza walikuwa makuli wa Mwaloni, wale wanaobeba magunia ya dagaa ya kwenda Kongo, na naapa nilimuona baba mtu mzima, mzaliwa wa Kirumba, anatafuna mnofu wa sangara anauliza "hii ndo wanakulaga?" Alikuwa hajawahi kuonja kile kipande. Maisha yake yote yuko mita mia mbili kutoka ziwani.

Mi ile sentensi haijanitoka. Ilibidi dunia nzima iugue ndo yule baba aonje.

Turudi kwenye huduma. Wanaendeshaje biashara, hiki ndo kitu kimenifanya niandike kirefu hivi maana kukaanga samaki Mwanza wanakaanga wengi. Pale hakuna bosi. Jioni wanatoa kwanza hela ya samaki wa kesho, mkaa, unga, mafuta, kodi ya eneo, halafu kinachobaki kinagawanywa kwa nne sawa kwa sawa, Mayo aliyekata na yule binti aliyeosha sahani. Nilimuuliza Mayo kama haoni anaibiwa maana ujuzi ni wake, akaniambia "shemeji, sahani chafu nayo ikatwe na kisu?" Sikuwa na jibu.

Na samaki wananunua kwa mvuvi mmoja kwa bei ya makubaliano. Hii kwa wasiojua mambo ya mwaloni, mvuvi wa kawaida amefungwa, tajiri amempa injini na nyavu kwa mkopo, kwa hiyo samaki lazima apeleke kwa tajiri na bei anapanga tajiri. Hawa wakakubaliana na mwenye mtumbwi mmoja asiye na deni kwamba bei ni hii hapa, samaki wakijaa hatushushi, samaki wakiadimika hupandishi, na hatuchukui mchanga, sangara wa chini ya sentimita 50 rudisha ulikomtoa. Ilikuwa tamu sana mpaka ndege zilipoanza kuruka tena kwa wingi, mawakala wa viwanda wakarudi na bei zao, mvuvi akapotea. Miezi mitatu simu haipokelewi. Mi nilisema mnamuona, njaa haina rafiki. Baadae akarudi mwenyewe, kumbe kule wakala alimshusha bei wiki ambayo mzigo ulijaa, wakakaa tena wakapandisha ile bei ya makubaliano kidogo na yeye siku zingine anapeleka kiwandani anachozidisha. Simlaumu. Ana watoto na petroli ya injini, na petroli 2022 ilipita buku tatu kwa lita, mi mwenyewe nakumbuka kila nikifungua tanki.

Kuna mzee mmoja mstaafu wa benki anakula pale karibu kila siku, anakaa benchi la ukutani, ana redio ndogo. Siku moja tulikuwa tumekaa mvua imetufungia, redio inaongelea mambo ya kujenga upya uchumi wa dunia baada ya Uviko, maneno makubwa makubwa, Mayo akauliza hivi hiyo hela iliyokuwa inasemwa imetolewa kusaidia dunia ilienda wapi. Mzee akazima redio. Akasema mwanangu, Agosti 2021 IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitoa dola bilioni 650 kwa wanachama wake wote, wanaita haki maalum za kutoa fedha, we chukulia ni fedha ya dharura. Mayo akauliza wanagawana vipi. Mzee akasema kwa hisa, kila nchi ina hisa zake mle ndani, nchi kubwa ina hisa nyingi inapata nyingi. Afrika yote, nchi hamsini na kitu, ikapata kama bilioni 33.

Kimya. Mafuta yanachemka tu.

Mayo akasema, "Kwa hiyo ni kikoba." Mzee akasema eeh, kama kikoba. "Na hiyo hela ilitoka kwa sababu ya ugonjwa?" Eeh. "Basi wamechanganya mifuko. Hela ya msiba haigawiwi kwa hisa."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikoba anaelewa. Kuna hela ya hisa, mwisho wa mwaka mnavunja, mwenye hisa nyingi anabeba nyingi, hakuna kelele. Lakini kuna mfuko wa jamii, ile buku mnayoweka pembeni kila wiki, huo ni wa aliyefiwa, aliyelazwa, aliyeunguliwa nyumba. Hapo hakuna anayeuliza una hisa ngapi. Sasa watu wenye digrii zao walikaa na mfuko wa msiba wakaugawa kama wa hisa, na mama wa minofu kaliona kosa akiwa na mwiko mkononi. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akasema miaka thelathini benki sijawahi kusikia limewekwa hivyo.

Akaendelea sasa, maana ukimpa mzee mstaafu supu na mvua umejitakia. Akasema kuna na madeni, zile nchi kubwa za G20 ziliruhusu nchi maskini zisimamishe marejesho kuanzia Mei 2020 mpaka Desemba 2021, nchi 48 zikachukua hiyo nafasi na sisi Tanzania tukiwemo, jumla dola bilioni 12.9 hivi. Ila zilisogezwa mbele, hazikufutwa, na wakopeshaji binafsi karibu wote wakakaa pembeni wanaendelea kudai. Hapo yule binti wa sahani ndo akaingilia, siku zote haongei. Akasema "kama kausha damu tu", ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza.

Yeye ndo aliyekopa. 2023 banda lilitaka kukarabatiwa, bati zimetoboka, walikuwa wameomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ule wa kina mama asilimia nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, hauna riba. Wako kwenye foleni Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, imekuja kurudi 2024. Mvua haikusubiri. Binti akaenda kwa wale jamaa wa mikopo ya haraka, nao jina naacha, unachukua leo kesho kutwa wanaanza kuhesabu, marejesho kila wiki, siku aliyochelewa walikuja wawili wakabeba meza mbili na lile karai kubwa, saa saba mchana, wateja wamekaa, mimi nikiwa na tonge mkononi. Kina mama walichanga kutoka mfuko wao wa jamii wakalikomboa karai. Meza hazikurudi, ndo maana unaona leo unakula umeshika sahani. Kwa hiyo ukiona mtu analalamika huko kwamba "hamna meza", sasa unajua.

Kitu kimoja kizuri kilichotufikia kwa macho nikitaje nisiwe wa kulalamika tu, mtoto wa Mayo wa mwisho anasoma kwenye darasa la Uviko. Ule mkopo wa IMF wa dola milioni 567, trilioni 1.3 zetu, uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kabla walikuwa wanabanana hakuna pa kuweka daftari. Darasa zuri, madirisha ya vioo, nimempeleka na bajaji nimeona. Ila mzee alikumbusha taratibu, hata hilo ni deni, lazima lilipwe. Na wakati huo huo matajiri kumi wa kwanza duniani, lile shirika la kupambana na umaskini la Oxfam lilisema Januari 2022, mali zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya ile miaka miwili ya korona, kutoka dola bilioni 700 mpaka trilioni moja na nusu. Mi trilioni siijui inafananaje. Mayo aliuliza wanakula nini.

Haya sasa malalamiko, maana nimesifia sana mtadhani nalishwa bure.

Ugali kuanzia saa saba, wakizidiwa, unakuja mbichi katikati. Nimewaambia mara nyingi. Lipa namba ipo imebandikwa ukutani lakini mtandao wake una kwikwi, nilishawahi kusubiri meseji ya uthibitisho mpaka abiria wangu akapanda bajaji nyingine. Nzi wapo, ni Mwaloni, utegemee nini. Na siku hizi mvuvi asipofika wanakukaangia sato wa kizimba, yule wa kufugwa, wanakwambia ni mbadala, mi sato wa kizimba simchukii ila amenona mafuta na wote wana saizi moja kama wametoka kwenye kalibu, ukishazoea wa ziwani unajua. Waseme mapema kabla mtu hajanawa.

Lakini nyota ya tano sijaizuia kwa sababu ya ugali.

Sahani ya minofu leo ni buku tano. Najua kwanini, samaki amepanda, mkaa umepanda, mafuta ya kula ndo usiseme. Ila nenda saa saba mchana uangalie nani amekaa kwenye mabenchi. Watu wa maofisini na vitambulisho shingoni, madereva kama mimi siku tukiamka vizuri, wageni wameshushwa na boda. Makuli wa Mwaloni, wale wa kwanza kabisa waliokula juani wakati hakuna hata bati, wako nje wamechuchumaa ukutani wanakunywa supu ya mapanki ya buku. Mnofu huku ndani, panki kule nje. Kiwanda kile kile, kimehamia kwenye banda la bluu.

Nilimwambia Mayo. Sikutaka kumwambia lakini nilimwambia. Hakukasirika, alifuta kisu kwenye aproni akasema nikirudisha buku mbili na jero nafunga Ijumaa, halafu hao makuli watakula wapi hata hayo mapanki, na hesabu hiyo naijua ni ya kweli maana nimeziona karatasi zao, hakuna mahali pesa imejificha. Akasema ule mstari wa vimiba wa katikati, ule wa V, unabeba mnofu mwingi siku hizi kuliko zamani. "Nakata pana. Hujaona?"

Sikuwa nimeona. Nikaenda nje nikaangalia bakuli za wale jamaa, na kweli mle ndani ya supu ya buku kuna vipande vyeupe vya maana, sio vile vinyuzi vya kiwandani. Kule kiwandani V pana kama ile ungeitwa pembeni.

Bado nyota ni nne. Ila nimeanza kufikiria.

Mambo ya kujua kabla hujaenda: Jumatatu wanachelewa kufungua mpaka kikoba kiishe, kama saa saba hivi. Siku zingine nenda kabla ya saa saba, saa nane na nusu minofu imeisha na hawaongezi. Nenda na chenji, usije na msimbazi, ile noti ya elfu kumi, asubuhi. Mkono wa kushoto usikae karibu na jiko mafuta yanaruka. Na vichwa vya sangara kwa mchuzi huwa vinatoka viwili tu vikubwa kwa siku, kimoja cha mzee wa redio, kingine ukikikuta saa saba kamili ujue mwenyewe niko njiani napandisha abiria wa mwisho, niachieni.